Kidole Hakikukosea

Nyumbani kwetu Nguvumali, Tanga, tulipata skrini kuukuu ya kugusa, tukaiunganisha na kompyuta. Picha ilionekana, lakini tulipogusa, hakuna kilichoitika. Ndipo tulipotambua kuwa skrini ya namna ile huhitaji nyaya mbili: mmoja huleta picha, wa pili hupeleka kwenye kompyuta habari za mahali palipoguswa. Tukauchomeka waya wa pili, tukaweka na programu yake.

Jioni tuliwaita watoto wa jirani, tukapanga irabu tano kwenye skrini. Mmoja akagusa "a", ikaitika "e". Tukamkaripia, naye akanyamaza. Tulipojaribu wenyewe, nasi tukapata "e"! Kosa lilikuwa letu: hatukuwa tumeilinganisha skrini. Ndani yake mna tabaka mbili nyembamba zinazogusana zibonyezwapo, na kompyuta haijui pahali hasa mpaka ioneshwe pembe za skrini. Tukazigusa alama za pembeni moja baada ya moja. "A" ikaitika "a". Tukamwomba mtoto radhi mbele ya wenzake.

Mwalimu mtarajiwa, kabla hujamhukumu mwanafunzi kwa jibu lake, kikague kwanza chombo ulichompimia.