Idi Zilivyotuzungusha Msituni

Sisi ni ndugu wanne, tuliozaliwa kando ya msitu wa Jozani, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Mwanzoni mwa mwaka 2005 riziki ilituhamishia mjini. Tuliahidiana kwamba hatutaacha kumzuru mama yetu, ambaye alikataa kuhama. Ahadi hiyo ikapungua kidogo kidogo, hata ikabaki ziara moja tu kwa mwaka: siku ya pili ya Idi al-Fitr. Na safari yenyewe haifiki saa mbili kwa gari.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, ilhali pepo na mvua hufuata jua. Katika Surat Yunus, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Basi kila mwaka Idi hurudi nyuma katika majira, na huchukua miaka ipatayo 33 kuyamaliza yote. Nasi ilituzungusha bila wenyewe kutambua.

Idi ya mwaka 2005 iliangukia mwanzoni mwa Novemba, wakati wa vuli. Miti ilikuwa imechipua, na kima punju, ambao asili yao ni Zanzibar peke yake, walikuwa juu ya mkungu wa nyumbani wakila majani machanga. Mwaka 2015 ilikuwa Julai, kusi likivuma. Vichaka vya upande wa mawe vilikuwa vimefifia, lakini bondeni, chini ya mitondoo, kulikuwa na kijani kibichi, kwa kuwa maji ya ardhini huko yako karibu. Kila tuliporudi mjini tulijisifu kwamba msitu ule ni wetu, tunaujua.

Ikaja Idi ya mwaka 2022, mwanzoni mwa Mei, masika yamekolea. Tulitoka na watoto kwenda kumzuru baba kaburini. Kaka yetu mkubwa akatangulia kwa njia ya bondeni, ile ile ya miaka yote. Maji yalikuwa yametuama kati ya miti, na njia panda imezama. Tukashika upande usio wetu, maji yakatufika magotini, na mtoto mmoja akauliza kama kweli babu amezikwa huku. Hatukuwa na la kumjibu. Tukarudi bila kufika.

Mama alitutazama nguo zilivyolowa, akasema kwa upole, "Masika hatupiti bondeni, wanangu. Tunapita juu, kwenye mawe. Baba yenu ndiye aliyenionesha." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Tangu mhame, mmekuja hapa siku kumi na nane. Hazitimii hata mwezi mmoja."

Alikuwa amezihesabu. Neno hilo lilituingia kuliko mawaidha yoyote tuliyowahi kusikia juu ya kuunga udugu. Tuliyedhani tunamzuru kila mwaka, yeye alikuwa akituona siku moja moja, kama wageni. Majira ya kaskazi, yenye jua kali na visima vinavyopungua maji, hatukuwa tumekaa naye hata mara moja tangu tuhame. Kuisubiri Idi itupeleke huko kungechukua miaka mingine, na umri wa mzazi hausubiri mzunguko wa mwezi.

Siku ile ile tuligawana: ndugu wanne, majira manne. Kila mmoja na watoto wake hukaa kwa mama siku kadhaa katika majira yake, na Idi hutukutanisha sote. Watoto sasa wanaijua njia ya mawe. Wanajua pia kwamba kima punju huja kuokota makaa jikoni, na bibi yao hawafukuzi.

Mwenye mzazi shamba asingoje Idi. Mwenyezi Mungu awarefushie wazazi wetu umri wenye kheri, na awarehemu waliotangulia. Amin.