Kiu ya Gari Kuukuu

Msomaji wangu, Mungu akikujalia kazi na akiba, siku moja utatamani gari, na yamkini gari lako la kwanza litakuwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Hapana aibu katika jambo hilo. Magari mengi tuyaonayo katika barabara za Kenya yalianza maisha yao Japani, yakatembea huko miaka kadhaa, kisha yakavuka bahari hadi bandari ya Mombasa. Kanuni zetu haziruhusu kuingizwa nchini gari lililozidi umri wa miaka 8. Walakini miaka 8 ni mingi kwa chuma kinachosuguana na chuma, na baada ya hapo gari hukaa nasi miaka mingi zaidi, likipita mkono hata mkono. Mmoja alibadili oili kwa wakati, wa pili alichelewa, wa tatu hakujua kwamba oili hubadilishwa. Wewe, mnunuzi wa nne, ndiwe utakayepokea urithi wa wote.

Katika urithi huo umo ugonjwa mmoja ujao kimya kimya, nao ni wa gari kunywa oili. Petroli ikipungua, mshale huonyesha. Maji yakichemka, mvuke hukuita. Oili hupungua bila kelele. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika ya oili haikuwekwa ili ikuambie kwamba kiasi kimeshuka; huwaka shinikizo la oili linapoanguka, na wakati huo aghalabu madhara yamekwisha kuanza. Nimemwona dereva aliyeingojea taa hiyo kama mtu angojavyo barua. Barua ilipofika, injini ilikuwa imekwisha kukamatana, na gari likarudi mjini kwa kuvutwa kwa kamba.

Tazama kwanza oili huenda wapi. Ndani ya kila silinda hupanda na kushuka pistoni, na pistoni huvikwa ringi, aghalabu tatu. Mbili za juu huzuia nguvu ya mwako isishuke chini. Ya tatu hukwangua oili iliyopakwa katika ukuta wa silinda na kuirudisha chini kwa njia ya matundu madogo. Oili iliyochoka huungua ikawa masizi, masizi yakaziba matundu, na ringi zikakwama katika mifereji yake. Oili isiyokwanguliwa hubaki ukutani na moto huila. Juu, katika kichwa cha injini, vali nazo zimevikwa sili ndogo za mpira. Mpira ukikauka kwa joto na umri, oili hudondoka tone kwa tone hadi penye moto. Iko pia vali ndogo ipitishayo mvuke wa ndani ya injini urudi kuunguzwa; ikiziba au ikikwama wazi, mvuke huo huchukua oili pamoja nao. Tena iko njia nyepesi kuliko zote, ya oili kuvuja nje na kuanguka chini.

Usikimbilie kumlaani aliyekutangulia. Pengine kasoro hutoka kiwandani. Injini ya Toyota iitwayo 2AZ-FE, iliyotiwa katika magari mengi ya miaka ya 2006 hadi 2009, ilipata sifa mbaya ya kunywa oili, hata kampuni ikatangaza Marekani mpango wa kubadili pistoni na ringi zake bila malipo kwa wenye magari waliostahili. Kwa hiyo mtu aweza kuwa mwangalifu kama mshona saa, na gari lake likanywa vile vile.

Sasa nikueleze habari za gari langu. Nilikuwa nikikaa Naivasha, na kila juma nilimchukua mama yangu Nairobi kwa matibabu, safari ya kilomita 90 hivi kwenda na 90 kurudi, kwa njia ya Mai Mahiu. Anayeijua njia hiyo ajua ukingo wa Bonde la Ufa ulivyo mrefu, na jinsi malori yanavyoupanda kwa kukokota. Gari kuzimika pale jioni, na mgonjwa amekaa kiti cha nyuma, si jambo la mzaha. Kwa sababu hiyo, nilipoona katika mwezi wa pili kwamba oili imeshuka hadi alama ya chini, sikuweza kulala juu ya habari hiyo.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akatazama kitambo kidogo, akasema, "Mwalimu, hii ni ringi. Tufungue injini. Shilingi 95,000 pamoja na vipuri."

Nikamwuliza, "Inakunywa kiasi gani, fundi?"

"Inakunywa sana."

Neno "sana" si kipimo, nami sikuwa na shilingi 95,000 za kulipia neno. Fundi wa pili alikuwa mpole zaidi, na shauri lake lilikuwa la hatari zaidi: nitie oili nzito, ile ya 20W-50, moshi ukome. Shauri hili utalisikia mara nyingi, na lina ukweli ndani yake, kwa maana oili nzito hupita kwa shida katika nafasi zilizolegea. Lakini injini yangu iliundwa kwa oili nyepesi, na kitabu chake kiliandika hivyo. Oili nzito asubuhi ya baridi huchelewa kufika juu, na kila nukta ya kuchelewa ni chuma kinachosugua chuma. Tena wako wauzaji wanaoitia siku moja kabla mnunuzi hajaja, ili gari lionekane zima. Ukikagua gari, chomoa kijiti cha kupimia oili, uone kama oili ni mpya mno na nzito mno kwa gari ambalo kila kitu kingine chake ni kichafu.

Nilinunua daftari la shilingi 20 na jagi lenye alama za mililita. Nilijaza oili hadi alama ya juu, nikaandika kilomita. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini imelala usiku kucha, nilichomoa kijiti, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena na kusoma. Kwa maana usomaji wa kwanza hudanganya. Oili niliyoongeza niliipima kwanza katika jagi. Kilomita 1,000 zilipotimia, hesabu ilikuwa mililita 900.

Je, ni nyingi? Watengenezaji kadhaa huandika katika vitabu vyao kwamba hata lita 1 kwa kilomita 1,000 yaweza kuvumiliwa. Kwa maoni yangu maneno hayo yanamlinda mtengenezaji kuliko mwenye gari, maana injini nzima hunywa kidogo mno kuliko hivyo. Hata hivyo nilijua sasa kwamba gari langu ni mgonjwa asiye taabani. Katika magari mengi nafasi baina ya alama ya juu na ya chini ni kama lita 1. Basi sikuweza kusahau hata mwezi mmoja, lakini safari ya Nairobi niliweza kuikabili bila hofu.

Ndipo nikatafuta chanzo. Nilitandaza katoni chini ya injini usiku. Asubuhi ilikuwa kavu. Moshi una rangi zake, nawe jifunze kuzisoma: mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe mzito usiokoma ni maji yaliyoingia penye moto, wa buluu ni oili. Shemeji yangu alinifuata nyuma kwa gari lake. Tuliposhuka kuelekea Mai Mahiu niliachia petroli kitambo kirefu, kisha nikakanyaga. Kama sili za vali zingekuwa zimekufa, hapo ndipo wingu la buluu lingetoka, na vivyo hivyo asubuhi wakati wa kuwasha. Hakuona kitu. Tulipopanda siku ya kurudi Nairobi, gari likilemewa na mlima, aliona moshi mwembamba wa buluu usiokatika. Hiyo ni dalili ya ringi.

Fundi wa tatu, mzee wa maneno machache, alitoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda. Ya tatu ilikuwa chini. Akatia ndani yake kijiko kimoja cha oili, akapima tena, na kipimo kikapanda, maana oili iliziba kwa muda nafasi iliyolegea kando ya ringi. Lau kosa lingekuwa la vali, kisingepanda. Basi fundi wa kwanza alikuwa amesema kweli. Tofauti ni kwamba yeye alibahatisha.

Mzee yule hakunihimiza kufungua injini. Alibadili ile vali ndogo ya mvuke, iliyokuwa imejaa uchafu, kwa bei ya chini kuliko chakula cha mchana cha watu wanne. Akanishauri nibadili oili kila kilomita 5,000 badala ya 10,000, ili masizi yasizidi. Baada ya miezi mitatu daftari lilionyesha mililita 600. Kwa bei niliyonunulia, shilingi 800 kwa lita, ilikuwa chini ya shilingi 500 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe uone ni miaka mingapi ingepita kabla hazijafika 95,000. Hesabu hiyo haijataja plagi zinazochafuka upesi, wala moshi tunaowavutisha waendao kwa miguu, nami sisemi kwamba hayo ni bure. Nasema tu kwamba mwaka ule fedha zilikuwa za dawa, na gari lilitufikisha kila juma.

Miaka miwili baadaye, mama alipokuwa amepona, niliamua kuuza. Rafiki yangu mmoja akanikumbusha ile oili nzito. Nilimpa mnunuzi, kijana mwenye duka la vipuri vya baiskeli, daftari lote alisome. Alisoma ukurasa hata ukurasa akiwa amesimama, akauliza maswali, akapunguza shilingi 60,000. Rafiki yangu hakunisemesha siku mbili.

Kijana yule alinipigia simu mwezi uliopita. "Mwalimu," akasema, "sasa ni mililita 800. Nimeweka nusu ya fedha za ringi." Akaniuliza kama yule mzee bado ana karakana palepale.