Nilipata Kumi kwa Kumi, Meno Yakabaki Vilevile

Ukitaka kuwatambua wengi wetu tuliozaliwa hapa Nakuru, wachekeshe. Mimi tangu darasa la tano hucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono, maana meno yangu ya mbele ni ya kahawia kama majani ya chai.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, walikuja wageni kutufundisha afya ya meno. Walikuwa wamejipanga barabara: mabango, miswaki ya bure, maswali kumi kabla ya somo na mengine kumi baadaye. Mara ya pili nilipata kumi kwa kumi! Tukapigiwa makofi, wageni wakaandika kwamba wamefaulu, wakapanda gari lao. Nami nikapiga mswaki asubuhi, mchana na jioni hadi ufizi ukatoka damu. Rangi haikubanduka ng'o.

Kumbe kuna swali hawakuuliza: nyumbani mnakunywa maji gani?

Mwaka huu chama chetu cha afya kiliamua kupanga somo lake chenyewe, na mwalimu wa baiolojia akatufungua macho. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutia floraidi katika maji ya visima virefu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini visima vingi vya huku kwetu hupita hapo. Floraidi hiyo huharibu jino likingali ndani ya ufizi, mtoto akiwa hajatimiza miaka minane hivi. Likishatoka, mswaki utafanya nini? Kuchemsha maji nako hakuiondoi. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza mwaka wa 1998 kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo huinasa. Maji ya mvua nayo huwa na floraidi kidogo mno.

Wenzangu walitaka mabango. Nikasema jamani, mabango tulishayaona! Tukapatana tuanze kwa kumwuliza kila mwanafunzi kwao wanateka maji wapi, na kama kuna mtoto mdogo. Mwalimu akauliza, "Na mtajuaje kama mmefaulu?" Kimya. Mwishowe tukaamua hakuna mtihani. Baada ya muhula mmoja tutauliza tu yule mtoto anakunywa maji gani.

Kwetu nilianza na mama. "Si hata wewe uliyanywa hayo hayo na ukakua?" akaniambia. Sikujibu. Nilitabasamu bila kuziba mdomo. Akanitazama kitambo. Jioni hiyo alitenga mtungi mmoja wa maji ya mvua akasema huo ni wa mtoto, asiuguse mtu, hata kama ni chai ya mgeni.

Mdogo wangu ana mwaka mmoja na nusu. Wakati wa kiangazi mtungi huisha akarudi kwenye maji ya kisima, na hilo nililiandika katika ripoti yetu bila kuficha. Meno yake ya mbele ya kudumu yatatoka akiwa na miaka sita au saba. Nitakuwa nimemaliza shule zamani, lakini nitamwambia acheke nione.