Uvimbe Unaorudi na Matumaini Yanayouzwa

Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu wa kike alipasuliwa kuondolewa uvimbe katika mfuko wa uzazi, ule ambao wengi huuita faibroidi. Kizazi chake kilibakizwa kwa kuwa alitamani kupata mtoto. Aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na dawa za maumivu na tarehe ya kutolewa nyuzi. Hakuna aliyemweleza kuwa uvimbe huo unaweza kuota tena. Kazi hiyo ya kueleza aliachiwa muuza dawa mmoja wa redioni, aliyeahidi kung'oa mzizi wake kwa chupa tatu.

Ukweli ni kwamba daktari huondoa uvimbe anaouona na kuugusa. Vijivimbe vidogo mno vilivyojificha ndani ya misuli ya kizazi hubaki, na homoni za mwanamke huweza kuendelea kuvikuza hadi hedhi itakapokoma. Vingine huota upya. Hakuna dawa, iwe ya hospitali au ya miti shamba, iliyothibitishwa kuzuia kabisa hali hiyo. Zipo dawa za kusinyaza uvimbe, lakini zikiachwa, mara nyingi hukua tena. Kinga ya hakika ni kuondoa kizazi chote. Nani atamtamkia hilo kwa wepesi mwanamke anayesubiri mtoto?

Hata hivyo, kukosa kinga kamili si kukosa la kufanya. Kuna kupimwa kwa ultrasaundi daktari anaposhauri, kutibu mapema upungufu wa damu, kuangalia uzito na shinikizo la damu. Zaidi ya yote, kuna kupanga na daktari wakati wa kubeba mimba mara kizazi kinapopona, badala ya kupoteza miaka kwenye chupa. Mdogo wangu aliyajua haya mwaka wa pili, vijivimbe viwili vilipokwisha kuonekana.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi nchini humo hupata uvimbe huu kabla ya kutimiza miaka 50. Jambo la kawaida kiasi hicho haliwezi kuwa laana wala siri ya chumbani. Ni suala la afya ya umma, na umma una haki ya kuelezwa. Hatuhitaji mashine mpya ili kuanza: dakika kumi za maelezo kwa Kiswahili fasaha, kabla mgonjwa hajaruhusiwa, zingewanyima wauza matumaini soko lao.