Majina ya Mitumbwi ya Lualaba

Natoka Kabambare, nchi ya mto Luama. Kwetu mtumbwi hauandikwi jina. Hutajwa kwa mwenyewe tu: mtumbwi wa baba fulani. Ndiyo maana, nilipokuwa nasoma habari za safari ya Stanley, orodha ya majina ya vyombo vyake ilinishika kuliko vita alivyovisimulia.

Mwezi Oktoba 1876 Stanley alipita kwetu, akaufuata Luama hadi unapoingia Lualaba. Alikuwa na mashua moja, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande ili wapagazi waweze kuibeba. Jina lilikuwa la mchumba wake, Alice Pike, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa na mwingine.

Mwezi Desemba, kabla ya kuagana na Tippu Tip huko Vinya-Njara, alihitaji mitumbwi. Watu wake waliiteka usiku kutoka kwa wenyeji waliokuwa wakipigana nao. Amani ilipofanywa, baadhi ilirudishwa, mingine ikabaki. Iliyobaki ikapewa majina mapya. Telegraph na Herald yalitoka kwa magazeti mawili yaliyolipia safari. Daphne na Nymph ni majina ya manowari za Waingereza zilizokamata majahazi yenye watumwa katika pwani ya mashariki. Wengi katika msafara walitoka Unguja. Majina hayo hayakuwa mageni masikioni mwao.

Hapo pana jambo la kufikiri. Miti ya Maniema, iliyochongwa na mafundi wa Lualaba, ilibeba majina ya meli zilizowawinda wafanyabiashara ya watumwa, ilhali msafara ulikuwa umefika hapo ukisindikizwa na Tippu Tip, na watu wa nchi hii walikuwa bado wakichukuliwa utumwani.

Darasani tunafundishwa kwamba jina humtambulisha mwenye nalo. Kwa mitumbwi hii jina lilimtambulisha mchukuaji, likamficha mchongaji. Sisi tunaochunguza majina huanza na yaliyochapishwa, kwa sababu ndiyo yanayopatikana maktabani. Tukiishia hapo, tunathibitisha unyang'anyi kwa kalamu zetu wenyewe.

Mtu akiniuliza Daphne iliitwaje kabla ya Desemba 1876, nitamjibu kwa desturi ya kwetu: uliitwa mtumbwi wa baba fulani. Aliyeandika orodha hakumuuliza jina lake.