Ile Jumapili Kenya Ilipoinyoosha Fiji, Dogo wa Rungwa Akaitoa Siri Yake

Jina lake libaki kapuni. Siku hizi ana kimeza chake cha ufundi simu Singida mjini, na wateja wakimkuta anaangalia raga wanamshangaa. Mbongo na raga wapi na wapi? Hawajui ilipoanzia.

Ilianzia Rungwa, Aprili 17, 2016. Dogo alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Ada yote alilipa kaka yake, ambaye yeye aliishia darasa la saba na kuingia porini na mizinga ya nyuki. Asali ikiuzwa, ada inalipwa. Matokeo yakatoka Februari: divisheni ziro. Dogo akamdanganya kaka yake kwamba matokeo yake yana utata, bado yanashughulikiwa. Miezi miwili kila ugali wa usiku unamkaba kooni.

Jumapili hiyo akaenda kibanda umiza kusubiri Leicester na West Ham. Si unakumbuka mwaka ule, kila mtu aligeuka Leicester. Mwenye kibanda kuwasha dekoda, kumbe kuna raga kutoka Singapore. Fainali, Kenya na Fiji. Watu wakaanza kelele, "Toa hiyo!"

Dereva mmoja wa lori la Mbeya, aliyewahi kupiga ruti za Nairobi, akawatuliza: "Acheni kidogo, hao majirani zetu." Akatoa darasa. Wachezaji saba kila upande. Kwa mkono mpira unarushwa nyuma, kwenda mbele unakimbia nao. Ukiuweka chini nyuma ya mstari wa wapinzani, pointi tano. Na katika misimu yote ya mashindano hayo ya dunia, Kenya haikuwahi kubeba kombe hata la kituo kimoja. Fiji ndio wababe.

Basi kibanda kizima kikawa Kenya. Mpira unaisha, ubao unasoma 30-7. Aisee, watu walirukaruka mpaka vumbi likatimka!

Dereva akaongeza kitu kimoja: kwenye timu hiyo kuna Collins Injera na Humphrey Kayange. Majina tofauti, ila ni ndugu wa tumbo moja. "Wamepigwa pamoja miaka na miaka hao, na hakuna aliyemkimbia mwenzake."

Hapo ndipo dogo alipochomwa. Leicester walitoka sare 2-2, yeye hakuiona. Alishaondoka.

Akamkuta kaka yake uani anachuja asali. Akasema yote bila kupumua. Kaka mtu hata hakunyanyua kichwa.

"Dogo, hayo matokeo nimeyajua tangu Februari. Nilienda na baiskeli mpaka shuleni, nikayakuta yamebandikwa ukutani."

"Sasa kaka, mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nasubiri uje mwenyewe. Ziro haikuniuma sana. Kinachoniuma ni kwamba uliniogopa."

Dogo akalia. Kaka akampa kitambaa, akamwambia ashike ndoo upande wa pili.

Kilichofuata hakikuwa cha kwenye muvi. Dogo alirisiti, bado kidato cha tano hakikupatikana. Kaka akauza asali nyingine, akampeleka kujifunza ufundi simu. Na Kenya nao, Agosti ya mwaka huohuo Injera na Kayange walienda Olimpiki ya Rio wakarudi bila medali, dhahabu ikaenda kwa Fiji haohao. 2021 kocha wa ushindi ule wa Singapore, Benjamin Ayimba, akafariki. 2023 timu ikashuka daraja. 2024 ikapanda tena.

Mpaka leo Kenya wakicheza, dogo anampigia kaka yake Rungwa kumpa matokeo. Kaka hajui raga, ila swali lake ni lilelile: "Wale ndugu wawili bado wapo?"

Hawapo tena uwanjani, na dogo alishamwambia mara kibao. Kaka anauliza tu.

Haya wadau, nani nyumbani kwenu anajua siri yako na anasubiri useme mwenyewe?