Bunia: Nani anamwangalia mkubwa wa kampuni?

Ofisi kuu ya SOKIMO, kampuni iliyorithi migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, iko hapa Bunia. Hisa zake ni za serikali. Huko Kibali, jimbo la Haut-Uélé, SOKIMO ina asilimia 10. Barrick na AngloGold Ashanti, kila moja 45.

Sheria ya OHADA, inayofuatwa Kongo tangu 2012, imegawa kazi: mkurugenzi anaongoza, baraza la usimamizi linamchunguza, wenye hisa wanapitisha hesabu kila mwaka.

Lakini serikali inashika hisa hizo kwa niaba ya raia. Basi mama aliyekimbia Djugu, anayelala kambini Kigonze, naye ni mwenye mali, hata kama haitwi mkutanoni. Angalau asomewe hesabu, kwa lugha anayoisikia. Mwenye mali asipouliza, msimamizi atamjibu nani?